"Aliniambia halina kutu": haki zako ukiuziwa gari la kale kwa maelezo ya uongo

Swali: "Wakili, habari za kazi. Miezi miwili iliyopita nilinunua gari la mwaka 1967 kwa mtu binafsi. Tangazo lake lilisema: 'Bodi safi sana, halina kutu, injini yake ya kuzaliwa, kilomita 60,000 tu.' Nilipokwenda kuliangalia nikamuuliza tena habari ya kutu, akanijibu kwamba tangu alinunue limelala ndani. Tukaandikiana karatasi ya mauziano yenye maneno 'linauzwa lilivyo', nikalipa. Wiki iliyopita fundi bodi amelinyanyua, akakuta puti nene chini ya milango, na namba ya injini si ile iliyo kwenye kadi. Nimempigia muuzaji, anasema yeye si mfanyabiashara na mimi nililiona kwa macho yangu nikaridhika. Je, sheria inanisaidia? Na fundi aendelee na kazi wakati nafuatilia?"

Pole, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: fundi asiendelee. Asikate, asichomelee, asipake hata rangi ya kuzuia kutu. Gari lishushwe, lifunikwe, lisiendeshwe tena hata kwenda dukani.

Sababu ya kwanza unaweza kuibashiri mwenyewe: puti ikishang'olewa na bati jipya likashachomelewa, ushahidi wako umeishia kwenye pipa la takataka la gereji. Ya pili wengi hawaijui, na imewaponza wanunuzi waliokuwa na haki kabisa. Mtu aliyedanganywa katika mauziano huwa na haki ya kuutengua mkataba, yaani kurudisha kitu na kurudishiwa fedha. Lakini akishajua amedanganywa kisha akaendelea kukitumia kitu hicho kama chake, sheria humhesabu kuwa ameuridhia mkataba, na haki hiyo inakufa.

Mfano wake ni kesi ya Long dhidi ya Lloyd, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1958. Lori lilitangazwa kuwa katika hali ya kipekee. Mnunuzi akalichukua, na katika safari yake ya kwanza tu dainamo ikagoma, mafuta yakavuja, gurudumu likaonekana lina ufa. Akampigia muuzaji. Muuzaji akasema hakuna shida, nitachangia nusu ya bei ya dainamo. Mnunuzi akakubali, akalituma lori safari nyingine ndefu, nalo likaharibika tena. Hapo ndipo alipotaka kulirudisha, na majaji wakaona amechelewa: alikwisha kujua, alipokea nusu ya dainamo, na bado akaliingiza lori barabarani. Kwa hiyo muuzaji wako akikupigia kesho na sauti laini, "basi nikuchangie kidogo ya puti yaishe", usiseme ndiyo kwenye simu. Mwambie akuandikie.

Hukusema uko nchi gani. Nitakujibu kwa misingi ya sheria ya Uingereza, kwa kuwa kesi zake ndizo zinazosomwa katika mahakama za nchi nyingi zilizorithi mfumo huo, na nitaonyesha pale njia zinapoachana. Sheria iliyotungwa na bunge la nchi yako ikisema vingine, hiyo ndiyo itakayotumika kwako.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kesi yako haijengwi na ubovu wa gari. Gari la mwaka 1967 lina haki ya kuwa bovu. Kesi inajengwa na kile alichokisema mtu yule kabla hujatoa fedha, na alichokisema si kitu kimoja. Kuna maneno manne kwenye tangazo na moja la mdomo, na kila moja lina uzito wake.

"Bodi safi sana" ni sifa za sokoni. Kila anayeuza husifia, na mahakama haimwadhibu mtu kwa kusifia. Ukiliegemea hilo peke yake utapoteza nauli.

"Halina kutu" ni jambo jingine kabisa. Ni kauli ya ukweli inayoweza kupimwa: kutu ipo au haipo. Tena uliuliza, naye akajibu. Muuzaji binafsi kwa kawaida halazimiki kukutajia kasoro asizoulizwa, na akinyamaza tu, ukimya wake mara nyingi si kosa. Akifungua mdomo lazima aseme kweli. Hata ile "limelala ndani" ina kazi hapa. Si jibu la moja kwa moja la swali lako, ila ni jibu lililokusudiwa uondoke na picha kwamba kutu haiwezi kuwapo. Nusu ukweli inayokuachia picha ya uongo huhesabiwa kuwa uongo.

"Kilomita 60,000 tu" ndilo neno ninaloliogopa zaidi kwa upande wako, ingawa hukulilalamikia. Magari mengi ya miaka ile yana mita ya tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri na kuanza upya, kwa hiyo 60,000 inaweza kuwa 160,000 au 260,000, na muuzaji aliyelinunua kwa mtu wa nne huenda hana habari. Angeandika "mita inasoma 60,000" angekuwa salama. Yeye ameandika "tu", na hilo "tu" ni ahadi. Hata hivyo kuuthibitisha uongo wake kunahitaji vitabu vya huduma au risiti za zamani. Kama huna, liache lisije likadhoofisha madai mengine.

Limebaki la injini. Wapenzi wa magari ya kale hubishana hadi usiku wa manane juu ya nini ni "halisi". Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ililazimika kuamua kama Bentley iliyoshinda mashindano ya magari ya Le Mans mwaka 1929 na 1930 bado ni gari lile lile, ilhali karibu kila kitu chake cha awali kilikwisha kubadilishwa. Ikaamua ni lile lile, kwa kuwa historia yake haikukatika. Ubishi huo haukuhusu. "Injini yake ya kuzaliwa" haina falsafa ndani yake: ama namba iliyogongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, ama siyo.

Muuzaji wako anasema si mfanyabiashara. Hapa ana nusu ya hoja. Sheria za kumlinda mlaji, zile zinazotaka bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha, humbana anayeuza katika biashara yake. Uingereza sheria ya mwaka 2015 ya haki za mlaji haimgusi mtu anayeuza gari lake mwenyewe. Kwa hiyo huwezi kumshitaki eti gari si zuri. (Pitia matangazo yake mengine. Ukikuta ameuza magari sita mwaka huu, huyo ni mfanyabiashara aliyevaa kanzu ya mtu binafsi, na mambo yanabadilika.) Lakini hata mtu binafsi anabanwa na mambo mawili: lazima gari liwe mali yake kihalali, na lazima lifanane na maelezo aliyoliuzia.

Hilo la maelezo lina kesi yake, Beale dhidi ya Taylor, ya mwaka 1967. Mtu binafsi alitangaza Triumph Herald ya mwaka 1961. Mnunuzi akaja, akaliona, akalipa. Baadaye ikagundulika kuwa nusu ya nyuma ndiyo ya mwaka 1961. Nusu ya mbele ilitoka kwenye gari jingine la zamani zaidi, na zote mbili zimechomelewa pamoja katikati. Muuzaji hakuwa tapeli, naye mwenyewe hakujua. Mahakama ikasema haijalishi: gari liliuzwa kwa maelezo, na lililokabidhiwa halikuwa lile lililoelezwa. Nia njema ya muuzaji haikumwokoa, wala kule kuliona kwa macho hakukumfunga mnunuzi, kwa kuwa hakuna macho yanayoona weldi iliyo chini ya rangi.

Nisikufiche kesi inayokwenda upande wa pili, maana wakili wake ataileta. Ni Oscar Chess dhidi ya Williams ya mwaka 1957. Bwana Williams, mtu binafsi, aliwapa wauza magari gari lake la Morris akisema ni la mwaka 1948. Kadi ilisema hivyo. Kumbe kadi ilikwisha chezewa na mtu asiyejulikana, na gari lilikuwa la mwaka 1939. Majaji wengi wakasema kauli yake haikuwa ahadi ya mkataba: yeye aliisoma kadi tu, hakuwa na ujuzi wowote wa pekee, na wauza magari ndio waliokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuukagua mwaka.

Muuzaji wako ataitamani sana kesi hiyo, lakini kwenye injini naona imemponyoka. Williams aliiamini kadi. Wako kadi yake inasema namba moja na bloku inasema nyingine. Mtu yeyote mwenye kurunzi na dakika tano angeona. Tangu Sheria ya Maelezo ya Uongo ya mwaka 1967 huko Uingereza, anayetoa kauli isiyo ya kweli ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu za msingi za kuiamini hadi siku ya mauziano. Mwulize tu kwa maandishi: ulijuaje kuwa ni injini ya kuzaliwa? Jibu lolote atakalotoa litakufaa.

Kuhusu kutu na puti kuna hatua moja zaidi, nayo ni swali la nani aliyeipaka. Kama ni yeye, au aliyemtuma, hatuko tena kwenye kauli isiyo sahihi, tumeingia kwenye ulaghai. Sheria huita ulaghai kauli ambayo msemaji anajua ni ya uongo, au haiamini, au ameitoa bila kujali kama ni kweli au si kweli. Hiyo ni tafsiri ya mwaka 1889, katika kesi ya Derry dhidi ya Peek, na haijazeeka.

Hapo ndipo yale maneno "linauzwa lilivyo" yanapoyeyuka. Mwaka 1813, katika Schneider dhidi ya Heath, meli iliuzwa pamoja na kasoro zake zote, na ndivyo karatasi ilivyosema. Lakini chini ilikuwa imeoza na mkuku wake umevunjika, na kabla ya kuuzwa ikaondolewa pale ilipokuwa nchi kavu ikashushwa majini, ili mnunuzi asione tumbo lake. Mahakama ikasema karatasi ile haimkingi muuzaji aliyeficha kasoro kwa makusudi. Puti iliyopakwa juu ya bati lililooza, ikapigwa msasa, ikarushiwa rangi, na chini ikamiminiwa lami nyeusi ili fundi asiguse, haina tofauti na meli ile. Ujerumani ni vivyo hivyo: kifungu cha 444 cha sheria yao ya madai kinamnyima muuzaji kinga ya maandishi kama aliificha kasoro kwa hila au alitoa dhamana ya sifa fulani. Na Ufaransa mnunuzi wa kitu chenye kasoro iliyofichika ana miaka miwili tangu kuigundua, hata kama aliyemuuzia ni mtu binafsi.

Ama ile hoja ya "uliliona ukaridhika", jibu lake linategemea sana uko wapi. Katika Redgrave dhidi ya Hurd, mwaka 1881, majaji wa Uingereza walisema aliyedanganywa hapotezi haki kwa sababu tu alipewa nafasi ya kukagua asiitumie. Mdanganyifu hawezi kujitetea kwa kusema "ulikuwa mjinga kuniamini." Lakini Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilichukua njia kali zaidi, na Tanzania iliirithi njia hiyo katika Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 345: kama kauli ilikuwa ya kupotosha bila ulaghai, na mnunuzi angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuutengua mkataba. Ukiwa chini ya sheria ya namna hiyo, namba ya injini inakuwa hoja dhaifu kidogo kwa sababu hata wewe ulikuwa na kurunzi, na puti inakuwa hoja yenye nguvu zaidi kwa sababu ilifichwa. Ni vizuri ujue mapema ni mguu gani utakaosimamia.

Tuseme umeshinda. Unapata nini? Kutengua ndiko kunakokufaa zaidi: gari linarudi, fedha inarudi. Ndiyo maana nimekuzuia kuligusa, kwani unachorudisha kiwe kile ulichopokea. Muda nao unaua haki hiyo, na katika kesi moja ya mwaka 1950 mtu aliyenunua picha aliyoambiwa ni ya mchoraji Constable alinyimwa kutengua kwa sababu alikuja baada ya miaka mitano, ingawa hakuna aliyemlaghai. Miezi miwili haijakuharibia. Miezi minane ya kupigiana simu itakuharibia. Jaji wa Uingereza pia anaweza, pasipo ulaghai, kukataa kutengua na kukupa fidia badala yake.

Fidia inahesabiwa kwa njia mbili, na tofauti yake si ndogo. Chukua kwamba umelipa 100. Lilivyo sasa, na kutu yake, lina thamani ya 60. Lingekuwa kama lilivyoelezwa, na injini yake na bati lake, lingefika 130, kwa sababu uliliotea kwa bei nzuri. Ukidai kwa msingi wa kudanganywa, unarudishwa ulipokuwa: 100 kutoa 60, unapata 40. Ukidai kwa msingi kwamba maelezo yalikuwa sehemu ya mkataba na umevunjwa, unapelekwa ulipoahidiwa: 130 kutoa 60, unapata 70. Kwenye magari ya kale, ambako injini ya kuzaliwa pekee inaweza kubeba sehemu kubwa ya thamani, wakili wako akidai moja akaacha nyingine, amekupotezea hela. Adai zote mbili.

Ushahidi ukusanye wiki hii. Piga picha ya skrini ya tangazo zima, na tarehe yake, kabla hajalifuta. Hifadhi ujumbe wote mliotumiana, na alichokwambia kwa mdomo kiandike leo ungali unakikumbuka neno kwa neno. Kama ulikwenda na mtu, naye aandike yake peke yake bila kusoma ya kwako. Halafu tafuta mkaguzi asiyemjua yeyote kati yenu. Fundi wako ni shahidi, lakini ndiye atakayelipwa kulitengeneza, na hilo litasemwa.

Mkaguzi mzuri utamjua kwa mikono yake. Anagonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mlango kushuka: tin, tin, tin, kisha ghafla du, kama amegonga ubao. Hapo anaweka sumaku iliyofungwa kitambaa, na sumaku inadondoka. Kisha anatoa kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 200, na juu ya puti namba zinapanda hadi maelfu au kipimo kinashindwa kusoma kabisa. Muombe aandike namba hizo sehemu kwa sehemu, na atoe maoni juu ya umri wa kazi hiyo. Puti ambayo bado inanuka na lami isiyo na vumbi vinasema kitu kuhusu nani aliyepaka. Aipige picha namba ya injini na ya chasisi pia, karibu na kwa mbali. Namba ya chasisi nayo ikikataa kufanana na kadi, simama hapo hapo uende polisi kwanza, kwa sababu swali limekuwa gari hili ni la nani.

Kisha barua. Iwe fupi, ukurasa mmoja, isiyo na matusi: tarehe ya mauziano, bei, maneno yake kama alivyoyaandika, alichokikuta mkaguzi, na sentensi inayosema wazi kuwa unautengua mkataba na uko tayari kulirudisha gari atakapokurudishia fedha. Bila sentensi hiyo barua yako ni malalamiko tu. Mpe siku 14, na umruhusu aje na fundi wake kukagua pale lilipo. Akikataa kuja, kukataa kwake nako kutakuwa ushahidi wako mahakamani. Usimwandikie "nirudishie la sivyo nakupeleka polisi". Kama unaona kuna jinai, karipoti. Kulitumia kama fimbo ya kudai fedha kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa.

Kabla hujafungua kesi, tazama ana nini cha kulipa. Hukumu dhidi ya mtu asiye na nyumba wala ajira unaifremu ukutani. Kama kiasi kiko ndani ya kikomo cha mahakama ya madai madogo, nenda huko. Huhitaji kuthibitisha kwa kiwango cha kesi ya jinai, unatakiwa tu kuonyesha kuwa ya kwako yana uwezekano mkubwa kuliko ya kwake. Ulaghai ni tofauti kidogo: majaji hawapendi kumwita mtu tapeli kwa ushahidi mwembamba. Kwa hiyo weka kwanza dai la maelezo yasiyo ya kweli, na ulaghai uwe wa pili, pale ripoti ya mkaguzi itakapoubeba.

Wengi wa watu hawa, wakishapata barua yenye ripoti ndani, husema "basi lete gari langu." Ukifika hapo, funguo na kadi usimpe mkononi kwa ahadi. Mkutane benki, fedha iingie kwenye akaunti yako na uione, ndipo mtie saini karatasi kwamba mkataba umetenguliwa na hakuna anayemdai mwenzake. Na kile kipande cha puti alichokibandua fundi wako, kama bado kiko sakafuni, kitie kwenye mfuko, andika tarehe na mahali kilipotoka, ukiweke.